Shaghur: mji uliodumu miaka mitano

Ukitoka Akka, kaskazini mwa Israeli, kwenda mashariki kwa barabara namba 85, hukawii kuingia kwenye bonde la mizeituni, milima ya Galilaya ya Juu ikiwa kushoto kwako na ya Galilaya ya Chini kulia. Waarabu huliita al-Shaghur. Kwa Kiebrania ni Beit HaKerem. Kijiji kikubwa unachokutana nacho ni Majd al-Krum. Kilomita chache mbele, upande wa kushoto, Deir al-Asad na Bi'ina vimebanana chini ya mlima kiasi kwamba mgeni hatambui ametoka lini kimoja na kuingia kingine. Ng'ambo ya barabara iko Karmiel, mji wa Kiyahudi ulioanzishwa 1964.

Mwaka 2003 serikali ya Israeli iliviunganisha vijiji hivyo vitatu vya Kiarabu kuwa mji mmoja, ukaitwa Shaghur, jina la bonde. Tarehe 1 Desemba 2008 mji ukavunjwa na kila kijiji kikarudishiwa baraza lake. Wengi wakikieleza kisa hiki husema koo za Waarabu haziwezi kukaa meza moja. Ni maelezo ya haraka haraka. Koo zilikuwepo, na tutazifikia, lakini ukianza na hesabu ya fedha utaona kwamba mji huu ulipewa mzigo usiobebeka siku ile ile ulipozaliwa.

Agizo kutoka Jerusalem

Israeli ya 2003 ilikuwa katika hali mbaya ya uchumi. Intifada ya pili, yaani uasi wa Wapalestina ulioanza 2000, ilikuwa bado inawaka, utalii ulikuwa umekauka, nakisi ya bajeti imepanda. Waziri wa Fedha alikuwa Benjamin Netanyahu, na mpango wake wa kuokoa uchumi ulikata matumizi karibu kila mahali. Serikali za mitaa zilikuwemo. Wizara ya Mambo ya Ndani, chini ya Avraham Poraz wa chama cha Shinui, ikaja na orodha ndefu ya mabaraza ya kuunganishwa.

Hoja yao ilikuwa rahisi kueleza. Nchi ndogo ina mabaraza mengi mno, kila moja lina mwenyekiti, mweka hazina, mhandisi, mwanasheria na mkaguzi wa ndani. Punguza mabaraza, utapunguza mishahara. Lakini orodha ilipofika Knesset, bunge la Israeli, ilianza kuliwa. Wenye watu wa kuwasemea bungeni walitolewa, na sheria ilipopita miunganisho iliyobaki ilikuwa michache ukilinganisha na iliyopangwa. Kwa upande wa Waarabu na Wadruzi ilibaki Shaghur. Baqa-Jatt, yaani Baqa al-Gharbiyye na jirani yake Jatt katika Pembetatu, eneo la miji na vijiji vya Waarabu. Na Mji wa Karmeli, yaani Daliyat al-Karmel na Isfiya, vijiji vya Wadruzi juu ya mlima karibu na Haifa.

Wakazi wa vijiji vya Shaghur hawakupigiwa kura ya maoni, na walilalamika. Muungano ulikuja kama kifungu ndani ya sheria ya uchumi, pamoja na makato ya posho na mabadiliko ya pensheni.

Vijiji vyenyewe

Msomaji wa Kiswahili atayatambua majina haya nusu. Deir ni monasteri, asad ni simba. Mahali hapo palikuwa na monasteri ya wakati wa Vita vya Msalaba, na katika karne ya 16, chini ya Waothmani, akakaa sheikh wa Kisufi aliyeitwa Muhammad al-Asad. Jina la kijiji ni lake. Majd al-Krum ina neno la mizabibu ndani yake. Bi'ina ni ndogo kuliko zote, na kati ya vijiji hivyo ndiyo yenye jumuiya ya Wakristo inayoonekana; wengine karibu wote ni Waislamu.

Wakati wa muungano, Majd al-Krum ilikuwa na watu takribani 12,000, Deir al-Asad kama 9,000, Bi'ina kama 6,500. Jumla inakaribia 28,000. Nchini Israeli kiwango cha kawaida cha kuitwa mji ni watu 20,000, kwa hiyo kwa idadi peke yake Shaghur ulistahili. Weka tarakimu hizi tatu akilini, maana tutazirudia kwenye kura.

Jambo la nne halimo kwenye orodha ya vijiji, nalo ndilo lililotia uchungu kuliko yote. Miaka ya mwanzo ya 1960, wakati Waarabu wa Israeli walikuwa bado chini ya utawala wa kijeshi (uliondolewa 1966), serikali ilitwaa takribani dunamu 5,100 kutoka Deir al-Asad, Bi'ina na kijiji cha tatu cha jirani, Nahf. Dunamu moja ni mita za mraba 1,000, kwa hiyo ni kama hekta 510. Juu ya ardhi hiyo ikajengwa Karmiel. Karmiel ina eneo lake la viwanda. Pembeni mwa Majd al-Krum, upande wa magharibi, kuna eneo jingine la viwanda liitwalo Bar-Lev. Mpaka wa mji mpya ulipochorwa 2003, hakuna hata moja kati ya hayo mawili lililowekwa ndani yake.

Hapo ndipo hesabu inapoanza.

Mifuko mitatu mitupu

Baraza la Israeli hupata fedha kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni arnona, kodi ya majengo, inayotozwa kwa mita ya mraba. Nyumba ya kuishi hutozwa kidogo; kiwanda, benki au duka kubwa hutozwa mara kadhaa zaidi kwa mita hiyo hiyo. Tena kiwanda hakina watoto wa kusomesha wala wazee wa kutunza, kwa hiyo kodi yake karibu yote ni faida kwa baraza. Mji wenye viwanda unaishi kwa viwanda. Kijiji kisicho na viwanda kinategemea kodi ya nyumba za watu wa kipato kidogo, ambao wengi wao hawailipi yote wala hawailipi kwa wakati. Njia ya pili ni ruzuku ya kusawazisha kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani, inayokokotolewa kwa fomula kulingana na idadi ya watu, hali yao ya kiuchumi na uwezo wa baraza kujikusanyia mapato.

Sasa unganisha vijiji vitatu visivyo na viwanda. Mita za viwanda zilikuwa karibu sifuri mara tatu, zinabaki karibu sifuri. Wakazi wale wale, kodi ile ile, wasiolipa wale wale. Muungano haujaongeza shekeli hata moja upande wa mapato. Na mwaka huo huo ruzuku zilikuwa zinakatwa nchi nzima, hata mabaraza mengi, hasa ya Waarabu, yakashindwa kulipa wafanyakazi mishahara ya miezi kadhaa.

Vipi upande wa matumizi, ambako ndiko serikali ilikuwa imeahidi akiba? Tuchukue tarakimu za mfano tu, ili kuona mwelekeo. Kila baraza lina bajeti ya 100, jumla 300. Ofisi za juu, yaani mwenyekiti, mkurugenzi, mweka hazina, mhandisi, mwanasheria na mkaguzi, zinakula 5 katika kila 100. Kwa vijiji vitatu ni 15. Baada ya kuungana unabaki na seti moja badala ya tatu. Lakini mshahara wa meya Israeli unapangwa kwa idadi ya watu anaowaongoza, na vyeo vya wakuu wa idara hupanda na ukubwa wa mji, na naibu meya wanaolipwa wanaongezeka. Seti mpya haigharimu 5, inagharimu 8 au 9. Umeokoa 6 katika 300, yaani asilimia 2. Ruzuku ikiwa ni nusu ya bajeti, na ikakatwa kwa asilimia 10, umepoteza 15. Badili tarakimu utakavyo, mlinganisho haugeuki: mshahara wa wenyeviti wawili hauzibi pengo la ruzuku.

Na huduma nyingine hazipungui. Shule ya Bi'ina haihamii Majd al-Krum. Mabomba ya maji yana urefu ule ule. Lori la taka linapita mitaa ile ile, isipokuwa pale Deir al-Asad inapogusana na Bi'ina, ambapo malori mawili ya mabaraza mawili yalikuwa yakizoa taka za pande mbili za nyumba zinazotazamana. Hapo muungano ulikuwa na maana kabisa. Ni maoni yetu kwamba kama Wizara ingeunganisha hivi viwili tu, ikaongeza kipande cha eneo la viwanda, kisa hiki kingesomeka vingine.

Kuna tundu jingine ambalo wachambuzi wengi hulipita. Huduma za ustawi wa jamii Israeli hugharamiwa kwa mgao wa 75 kwa 25: serikali kuu hutoa asilimia 75, baraza asilimia 25. Inasikika vizuri mpaka ukumbuke kwamba serikali inatoa chake baraza likitoa chake. Baraza likikosa shekeli 25,000 za mchango wake, linaziacha na 75,000 za serikali. Kwa hiyo maskini anapoteza laki nzima kwa kukosa robo. Shaghur, wenye watoto wengi na familia nyingi zenye mahitaji, ulirithi tundu hili kutoka vijiji vyote vitatu, likawa tundu moja pana.

Madeni nayo yanaungana. Kijiji kilichojibana mkanda miaka ya nyuma kinaamka asubuhi kikiwa mdhamini wa kijiji kilichokopa. Katika muungano wowote wa namna hii, kazi ya kwanza ya kitaalamu ni kufunga vitabu vya kila upande, kukubaliana nani anadaiwa nini, na serikali kuyafuta au kuyatenga madeni ya zamani kabla ya akaunti mpya kufunguliwa. Isipofanyika, kila mkazi anaamini analipia ubadhirifu wa jirani, na hakuna wa kumthibitishia vinginevyo kwa sababu vitabu vimeshachanganyika.

Kura

Meya wa Israeli huchaguliwa moja kwa moja na wakazi. Anayepata asilimia 40 anashinda duru ya kwanza. Asipopatikana, wawili wa juu wanarudiana. Madiwani huchaguliwa kwa orodha, kwa uwiano wa kura. Katika miji na vijiji vya Waarabu watu hujitokeza kwa wingi kwenye uchaguzi wa mitaa, mara nyingi kuliko kwenye uchaguzi wa Knesset, kwa sababu hapa ndipo panapoamuliwa nani atakuwa mwalimu mkuu, nani atapata zabuni ya mabasi ya shule, kibali cha ujenzi cha nani kitasukumwa.

Mashine ya kura ni hamula, ukoo. Katika kijiji kimoja chenye koo kubwa nne au tano, mambo yanajulikana: koo mbili zinaungana, moja inatoa mwenyekiti, nyingine naibu, na ile ndogo inaridhishwa na nafasi za kazi. Mapatano yanavunjwa na kufungwa upya kila miaka mitano. Si mfumo wa kupendeza, ila kila mtu anajua sheria zake, na aliyeshindwa leo anajua lini zamu yake itarudi.

Sasa rudi kwenye tarakimu. Majd al-Krum ni kama asilimia 44 ya wakazi, Deir al-Asad 33, Bi'ina 24 hivi. Majd al-Krum ikipiga kura kama mtu mmoja inashinda duru ya kwanza. Lakini haipigi kura kama mtu mmoja, maana ina koo zake zinazogombana. Mgombea wa Deir al-Asad akishika kijiji chake na kupata sehemu ya Bi'ina tu, anautwaa mji mzima, na kijiji kikubwa kuliko vyote kinaongozwa na mtu wa nje. Bi'ina yenyewe haiwezi kumweka meya hata ikiamka yote. Kazi yake ni kuamua nani kati ya wakubwa wawili atashinda, kisha kudai malipo.

Meya wa Shaghur alikuwa Ahmed Dabbah wa Deir al-Asad, ambaye baadaye aliingia Knesset kwa muda mfupi kwa tiketi ya chama cha Kadima. Iwe alifanya kazi vizuri au vibaya, nafasi aliyokaa haikuwa na njia ya kumridhisha kila upande. Akiweka lami Deir al-Asad, anapendelea kwao. Akiweka Majd al-Krum, anasahau waliomchagua. Mwenyekiti wa kijiji kimoja hulaumiwa kwa kupendelea ukoo wake. Meya wa vijiji vitatu hulaumiwa kwa kupendelea ukoo na kijiji, na lawama ya pili huwaunganisha hata mahasimu wa jana dhidi yake.

Karatasi moja

Muungano haukai kwenye ramani. Unakaa kwenye kaunta. Chukua karatasi moja ya kawaida. Mtu wa Bi'ina anamuuzia nduguye kiwanja, au anamgawia mwanawe. Ili hati ihamishwe kwenye sajili ya ardhi, ambayo watu bado wanaiita tabu kama enzi za Waothmani, anahitaji cheti cha baraza kwamba mali hiyo haina deni. Zamani alikwenda kwa karani anayemjua, ofisi ya kutembea kwa miguu. Karani akafungua faili, akaona deni la maji la marehemu baba, wakapatana malipo ya awamu, cheti kikatoka.

Mabaraza yakishaunganishwa, cheti hicho lazima kitolewe kwa jina la mji. Deni la arnona limo kwenye mfumo wa kijiji cha zamani, deni la maji kwenye daftari jingine, na mwenye mamlaka ya kusaini ni mweka hazina mmoja wa mji mzima. Faili likikosekana, mwananchi anatumwa alikotoka. Halafu kuna vipimo. Mabaraza ya Israeli hayapimi nyumba kwa njia moja: lingine linahesabu unene wa kuta za nje, lingine halihesabu, lingine linaitia roshani kwenye hesabu, lingine linaiacha. Na kiwango cha arnona hakibadilishwi hovyo. Mabadiliko yasiyo ya kawaida yanahitaji saini ya Waziri wa Mambo ya Ndani na ya Waziri wa Fedha. Kwa hiyo mji unaweza kukaa miaka na viwango zaidi ya kimoja kwa nyumba zinazofanana. Ukivilinganisha kwa kupandisha, unazua ghasia; ukivilinganisha kwa kushusha, unapoteza mapato ambayo tangu mwanzo hayakutosha.

Kazi hii ya kuoanisha mifumo, kupima upya nyumba na kuhamisha mafaili ni ya miaka miwili mitatu, na inahitaji fedha za mpito. Kuunganisha kwa nia ya kuokoa fedha kuna mtego huo: mwaka wa kwanza na wa pili ndiyo ghali kuliko yote.

Kuvunja

Kisheria mji ulioanzishwa na Knesset ulivunjwa na Knesset. Shaghur na Mji wa Karmeli ilirudi kuwa vijiji mwaka huo huo, 2008. Baqa-Jatt uliishia kuendeshwa na kamati iliyoteuliwa na Wizara badala ya viongozi waliochaguliwa, nao ukavunjwa 2010. Baqa al-Gharbiyye ikabaki mji, Jatt ikarudi kuwa baraza.

Talaka ya mabaraza ni ngumu kuliko ndoa yake. Mfanyakazi aliyeajiriwa na mji mzima anakuwa wa nani? Mkopo uliochukuliwa miaka ya katikati unagawanywa kwa idadi ya watu au kwa mahali fedha zilipotumika? Mkataba wa taka uliosainiwa kwa bei ya mji mmoja haugawanyiki kwa tatu bila mkandarasi kudai nyongeza. Kisha kila kijiji kinaajiri upya mweka hazina, mhandisi na mkaguzi, yaani zile nafasi ambazo kufutwa kwake ndiko kulikuwa sababu ya yote haya.

Nyumba za jirani

Ukitazama miunganisho ya Wayahudi ya mwaka huo huo, mingi imebaki. Modi'in ilipokea Maccabim-Re'ut. Binyamina na Giv'at Ada ni baraza moja mpaka leo. Yehud ilipewa Neve Monosson. Hapa ndipo hoja ya koo inapoyumba. Modi'in ulikuwa mji mpya unaokua, wenye mapato ya kugawana. Neve Monosson, mtaa mdogo uliopinga kumezwa, iliachiwa uongozi wake wa ndani chini ya manispaa, kwa hiyo ilibaki na mlango wake wa kupigia hodi. Shaghur haukupata mapato wala mlango huo. Tena Waarabu wenyewe wana mabaraza ya pamoja yaliyodumu: Ma'ale Iron katika Wadi Ara inaunganisha vijiji kadhaa tangu 1996, na jirani yake Basma, ambayo jina lake limeshonwa kwa herufi za Barta'a, Ein as-Sahala na Muawiya. Hivyo vilikuwa vijiji vidogo vilivyokuwa vinapata baraza kwa mara ya kwanza. Waliunganishwa kwenye kupewa. Watu wa Shaghur waliunganishwa kwenye kunyang'anywa, na juu ya ardhi ambayo tayari walikuwa wamenyang'anywa sehemu.

Baadaye Israeli ilijaribu njia nyingine iitwayo eshkol, kishada: mabaraza kadhaa ya eneo moja huunda chombo cha pamoja cha zabuni, taka, mazingira na miradi inayovuka mipaka, huku kila moja likibaki na mwenyekiti wake, bajeti yake na mhuri wake. Bonde la Beit HaKerem lina kishada chake. Majd al-Krum, Deir al-Asad na Bi'ina vimo, kila kimoja kwa jina lake, pamoja na Nahf. Safari hii Karmiel nayo imo.